Kwa nini meza ni mwanamke?

Leo naomba tuzungumze habari ya meza. Meza hii hii ya kulia chakula. Kijana mmoja wa kisiwa cha Rukuba ameniandikia akisema: "Shikamoo mzee. Mimi najifunza Kifaransa kwa simu. Simu inaniambia meza ni mwanamke na kisu ni mwanamume. Nani aliyevikagua?"

Nilicheka sana. Halafu niliposoma barua mpaka mwisho nikaacha kucheka, maana ilikuwa ndefu na maneno yake ya mwisho hayakuwa ya mzaha. Kijana anasema amejifunza miezi minne, fedha ya bando ameitoa kwenye posho yake ya uvuvi, na sasa anataka kuacha kwa sababu ameona ana kichwa kizito. Nami leo nataka kumjibu hadharani, kwa kuwa najua hayuko peke yake, na kwa kuwa simkubalii hilo la kichwa kizito.

Kwa wale mlioko mijini ambao hamjafika huko, Rukuba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Musoma Vijijini, mkoani Mara. Watu wake ni wavuvi. Mwaloni utasikia Kijita, utasikia Kikwaya, utasikia Kikerewe na Kijaluo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote. Sasa mtu atauliza: Kifaransa kimefikaje huko? Kimefika ndani ya gunia la dagaa.

Dagaa wa Ziwa Victoria hawaliwi hapa nchini tu. Ukienda Mwaloni Kirumba, pale Mwanza, utawakuta wanunuzi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kongo yenyewe ina watu zaidi ya milioni 100, na tangu mwaka 2022 ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa bahati njema mnunuzi wa Bukavu au Lubumbashi anasema Kiswahili, tena kitamu chenye ladha yake, kwa hiyo kupatana bei hakuna taabu. Taabu huja baada ya kupatana bei. Maneno ni ya Kiswahili, lakini karatasi ni ya Kifaransa.

Mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa Musoma alinionyesha karatasi ya namna hiyo. Ilikuwa na mistari miwili ya maana. Wa kwanza uliandikwa "marchandise livrée", wa pili "solde à payer", kisha tarakimu. Mtu aliyemsomea mwanzo alimwambia kwamba maana yake ni hesabu imekwisha, na mama akaikunja akaiweka kabatini kama stakabadhi ya mambo yaliyopita. Ndugu zangu, "marchandise livrée" ni bidhaa imefikishwa. "Solde à payer" ni salio la kulipwa. Karatasi ile haikuwa ya kumaliza hesabu hata kidogo. Ilikuwa hati ya deni, na mwenye kudai ni yeye mama.

Na tazameni jinsi tofauti ilivyo ndogo. Kama pangeandikwa "soldé", yaani neno lile lile lenye kialama juu ya herufi ya mwisho, hapo maana ingekuwa hesabu imekwisha lipwa. Kialama kimoja, mfano wa unyoya, ndicho kinachotenga fedha iliyopokelewa na fedha iliyobaki mfukoni mwa mwingine. Basi msinione nazungumza sarufi mkadhani ni michezo ya walimu wa sekondari. Kijana wa Rukuba ameanza kujifunza ili aweze kusoma karatasi kama hizo, na anashindwa kwa sababu ambayo si yake.

Sababu yenyewe ni hii. Kijana huyu nyumbani alikua na Kijita. Shule ya msingi akasomeshwa kwa Kiswahili. Sekondari akabadilishiwa, akaambiwa masomo yote sasa ni kwa Kiingereza, lugha aliyoipata kwa shida na aliyoanza kuisahau siku ile ile alipomaliza mtihani. Leo anafungua simu kutafuta Kifaransa, na maelezo yanayomjia mbele ni ya Kiingereza. Anapanda ngazi iliyolegea ili afike dari asiyoijua. Akiteleza, hajui kama aliyemwangusha ni ngazi au dari.

Kuna ubaya zaidi ya huo. Maelezo yale yaliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye lugha yake ni Kiingereza. Kwa hiyo yanamtisha kwa yale yanayomtisha Mwingereza, na yanapita haraka pale ambapo Mwingereza hana taabu. Yanampa mtoto wa Rukuba hofu za mtu mwingine. Ndiyo maana nimesema simkubalii habari ya kichwa kizito. Yeye ana mali nyumbani, ila hakuna aliyemwambia aifungulie sanduku.

Turudi kwenye meza. Mwingereza husema neno moja kwa vitu vyote, meza, kisu, mtumbwi, ziwa, vyote anavitaja vilevile. Akiambiwa kwamba Kifaransa kimegawa majina mafungu mawili, la "le" na la "la", huanza kuuliza sababu. Hapo ndipo husikia habari ya mwanamume na mwanamke, na hapo ndipo kijana wetu alipochanganyikiwa. Lakini wewe msikilizaji wangu, toka lini umeuliza kwa nini kisu kimo katika KI-VI na mkuki umo katika M-MI? Kwa nini tunasema kiti hiki, mti huu, jiwe hili, meza hii? Vitabu vya zamani vilihesabu ngeli nane, vingine vikafika 18 kwa kuhesabu umoja na wingi mbalimbali. Mtoto wa miaka minne pale Rukuba anazitumia zote bila kupigwa kiboko. Na kabla ya Kiswahili alikuwa nazo za Kijita. Watu wenyewe ni Abhajita, lugha yao ni Echijita: kiambishi kimebadilika, na kila mtu ameelewa.

Basi jibu la swali lako, mwanangu, ni kwamba hakuna aliyeikagua meza. Kifaransa kina ngeli mbili. Bahati mbaya waliozipa majina walizipa ya kiume na ya kike, kwa sababu wanaume wengi huangukia katika moja na wanawake katika nyingine. Ungeweza kuziita ngeli ya LE na ngeli ya LA, na usiku ule ungelala. Wewe uliyezimudu nane utaogopa mbili?

Na upatanisho wenyewe ni ule ule tunaoujua. Sisi tunasema mtumbwi mkubwa, kisu kikubwa, jiwe kubwa. Wao wanasema "un grand bateau", "une grande pirogue". Sisi tunabadilisha kichwa cha neno, wao wanabadilisha mkia. Hata ile karatasi ya mama ilikuwa na jambo hilo: "livrée" imepata herufi "e" ya ziada kwa kuwa "marchandise" ni ya ngeli ya LA, kama sisi tunavyosema mzigo umefika lakini bidhaa imefika.

Nisiseme uongo, kukariri kupo. Lakini mikia ya maneno husaidia. Neno likiishia na "-tion" au "-té", kama "quantité", yaani kiasi, au "qualité", kwa kawaida ni la LA. Likiishia na "-ment" au "-age", kama "paiement", malipo, au "voyage", safari, kwa kawaida ni la LE. Wapo wakaidi: "plage", ufuko, na "page", ukurasa, ni za LA ingawa zina mkia wa wenzao. "Été", kiangazi, ni la LE. Na yapo maneno yanayobadili maana kwa kubadili ngeli, ambayo mtu wa ziwani na wa sokoni hana budi kuyajua. "La voile" ni tanga la chombo, lakini "le voile" ni shungi la kichwani. "Le livre" ni kitabu, lakini "la livre" sokoni ni uzito wa nusu kilo. Hapo ukikosea unaweza kuuza nusu kilo za dagaa ukidhani unauza kitabu, jambo ambalo bado halijatokea Musoma, lakini lolote hutokea.

Ninalopendekeza ni dogo. Usiandike neno peke yake kwenye daftari. Usiandike "table". Andika "la table", kama vile mtoto hajifunzi neno "ti" bali anajifunza "mti".

Sasa nije kwenye malalamiko ambayo nimeyasikia kwa wengi, si kwa kijana huyu tu: mpangilio wa maneno. Mwalimu wa simuni hueleza kwa urefu kwamba Kifaransa kina tabia ya ajabu, kwamba mtendwa hutangulia tendo. "Je le vois." Anasema, angalia, ni kama kusema "mimi yeye naona", kinyume cha desturi. Desturi ya nani? Hebu litazame neno letu moja, "ninamwona". Ni-na-mw-ona. Ni mimi, mw ni yeye, ona ni tendo. "Je" ni mimi, "le" ni yeye, "vois" ni tendo. Mpangilio ni ule ule, kidole kwa kidole! Ukiuza kisu utasema nakiuza, "je le vends". Ukiuza meza utasema naiuza, "je la vends". Mwingereza hutokwa jasho hapo, na sisi tunaambiwa tutokwe jasho pamoja naye. Kifaransa kitatuzidi pale tu kinapopanga watendwa wawili mbele ya tendo moja, "je te le donne". Sisi tunasema nakupa, basi, kile kinachotolewa tunakiacha kijulikane chenyewe. Hilo ni la kujifunza kweli.

Kukanusha ni vivyo hivyo. "Je ne vends pas." Wanaambiwa wanafunzi kwamba Kifaransa hukanusha mara mbili, mbele na nyuma ya tendo, na kwamba ni jambo gumu. Sisi tunasemaje? Nauza, siuzi. Mbele pamekuja "si", nyuma "a" imegeuka "i". Tumelifunga tendo pande zote mbili kama gunia linavyoshonwa. Tena Wafaransa wenyewe wakizungumza kwa haraka huiacha ile "ne" ya mbele, wakabaki na "pas" peke yake, kwa hiyo ukimsikia mtu amesema hivyo usidhani umefundishwa vibaya.

Lakini lililonifanya nikae nikashangaa ni hili nitakalolisema sasa, na naomba mnivumilie, maana ndilo linalowatoa machozi hata watoto wa Paris. Wafaransa wana kanuni ya maandishi kuhusu tendo lililopita. Ukisema "j'ai vu les pirogues", nimeiona mitumbwi, neno "vu" linabaki lilivyo. Lakini ukiitanguliza mitumbwi, "les pirogues que j'ai vues", mitumbwi niliyoiona, "vu" linaongezwa herufi "es" kwa sababu mitumbwi ni ya LA tena ni mingi. Mtendwa akija nyuma, hapana upatanisho. Akitangulia, pana upatanisho. Husemwa kwamba mshairi Clément Marot, wa karne ya 16, ndiye aliyewaletea wenzake desturi hiyo kwa kuiga Kiitaliano, na hadi leo wapo Wafaransa wasomi wanaotaka ifutwe.

Sasa sikilizeni Kiswahili. "Niliona mitumbwi." Tendo ni tupu, halina alama yoyote ya mitumbwi, na sentensi ni nzuri kabisa. Itangulize: "mitumbwi niliyoiona". Ghafla pameingia "yo", pameingia "i", vyote viwili vya kupatana na mitumbwi iliyotangulia. Hatukuambiwa na mshairi yeyote. Bibi yetu asiyejua kusoma anafanya hivyo kila siku. Jambo linalohesabiwa kuwa mlima katika shule za Ufaransa, sisi tunalo mdomoni, na hakuna mwalimu wa simuni anayemwambia kijana wa Rukuba hivyo, kwa sababu yule mwalimu hakumfikiria kijana wa Rukuba alipokuwa akiandika.

Lipo swali jingine linaloulizwa sana, la "être" na "avoir". Mambo mengi yaliyopita husemwa kwa "avoir": "j'ai vendu", nimeuza. Lakini machache, hasa ya kwenda na kurudi, husemwa kwa "être": "je suis arrivé", nimefika. Mafunzo ya Kiingereza yana neno la kukumbukia lililotungwa kwa herufi za mwanzo za matendo hayo, linalosomeka kama jina la mama wa Kizungu na bwana wake. Kwetu halina faida yoyote. Walimu wa Kifaransa hutumia njia bora, huchora nyumba: mtu anazaliwa humo, anaingia, anapanda ngazi, anashuka, anaanguka, anatoka, anaondoka, anarudi, anafia humo. Matendo yote ya nyumba hiyo hutumia "être".

Halafu huja kero. Mwanafunzi ameshakariri kwamba "descendre", kushuka, ni la "être", kisha simu inamwonyesha "j'ai descendu les sacs" na kusema ni sahihi. Anatupa simu kitandani. Mwanangu, okota simu. "Je suis descendu" ni nimeshuka. "J'ai descendu les sacs" ni nimeshusha magunia. "Je suis sorti", nimetoka. "J'ai sorti les filets", nimetoa nyavu. "Je suis monté", nimepanda. "J'ai monté les sacs", nimepandisha magunia. "Je suis rentré", nimeingia. "J'ai rentré les sacs", nimeingiza magunia. Kushuka na kushusha, kutoka na kutoa, kupanda na kupandisha, kuingia na kuingiza. Sisi tunabadili neno lenyewe, wao wanabadili msaidizi wake. Kila mchukuzi wa mwaloni anajua tofauti ya kushuka na kushusha, maana moja wapo hulipiwa.

Na lile linaloitwa "subjonctif", ambalo kurasa zinamwekea mwanafunzi kama mlango wa kuogofya? "Je veux qu'il paie." Nataka alipe. Si nataka analipa, bali alipe, kwa "e" mwishoni. "Il faut que tu viennes", lazima uje. Tunalo, tunalitumia hata tukimwita mtoto aje ale. Nalipita.

Msinifahamu vibaya mkadhani nasema Kifaransa ni Kiswahili kilichovaa kofia. Yapo mahali ambapo hatuna msaada wowote kutoka nyumbani, na kubwa ni maandishi. Sisi tunasoma tunachokiona. Kila herufi hufanya kazi yake na kulipwa mshahara. Wafaransa wana herufi zinazokaa bure kibarazani. "Il parle", anasema, na "ils parlent", wanasema, kwa sikio ni kitu kimoja. Neno "eau", maji, lina herufi tatu na hakuna hata moja inayosikika kwa sauti yake, yote kwa jumla ni "o". Kijana anasema vizuri kwa mdomo, akiandika anakosa herufi moja, simu inalia na kumwekea alama nyekundu. Inamwambia amekosa. Haimwambii amekosa nini.

Hapo dawa ni kutenganisha sikio na mkono. Sikiliza kwanza bila kutazama maandishi. Idhaa ya Kiswahili ya Radio France Internationale ilianza mwaka 2010, na shirika hilo hilo hutangaza kwa Kifaransa habari zile zile. Sikiliza habari kwa Kiswahili, ujue kilichotokea, kisha sikiliza kwa Kifaransa, utaanza kuyakamata majina ya nchi, kisha hesabu, kisha matendo. Maandishi yaje baadaye. Na zile alama za juu ya herufi, kwenye simu nyingi ukibonyeza "e" bila kuachia kidole, zinajitokeza zenyewe. Nimekutana na watu waliojifunza mwaka mzima bila kulijua hilo, na nimekwisha waeleza jinsi kialama kimoja kinavyoweza kubeba deni la mama.

Niseme pia juu ya simu yenyewe, kwa kuwa lawama nyingine ni zake. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haziwavuti, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo kijana wa Rukuba ana siku kadhaa kila mwezi ambazo anaweza kukaa na kusoma, na ana siku nyingi ambazo usiku yuko majini na mchana amelala au anasaidia kuanika. Lakini programu anayoitumia humhesabia siku mfululizo. Akikosa siku moja, hesabu inarudi sifuri na picha ya kusikitika inamtokea usoni. Imetengenezwa kwa mtu anayekwenda ofisini kila siku na kurudi kila siku. Mwanangu, achana na hesabu hiyo. Wewe una kalenda ya mwezi, ni kongwe kuliko simu. Siku za mbalamwezi jifunze jipya. Siku za giza rudia moyoni yale uliyonayo wakati mnasubiri dagaa wakusanyike kwenye taa. Kurudia moyoni hakutumii bando.

Siku hizi zipo pia programu za akili mnemba zinazojibu kwa Kiswahili ukiziuliza kwa Kiswahili. Nimezijaribu. Zina faida, kwa kuwa angalau kijana anaulizia kwa lugha yake na anaweza kuuliza mara kumi bila mwalimu kununa. Lakini hujibu kwa uhakika ule ule zinapojua na zinapobuni. Niliuliza moja ngeli ya jina la Kifaransa ikanipa jibu sahihi pamoja na sababu ya kutungwa. Kwa hiyo uzitumie kama unavyomtumia jirani msemaji: msikilize, kisha kathibitishe kwenye kamusi.

Na kamusi zipo, tena za zamani. Padri Charles Sacleux, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Bagamoyo na Zanzibar, alichapisha kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, na mwaka 1939 ikatoka ile yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa. Tazameni miaka hiyo. Daraja kati ya lugha hizi mbili lilijengwa kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa, wala halikupitia Uingereza. Lakini lilijengwa kwa upande wa Mfaransa, ili yeye avuke kuja kwetu. Upande wetu wa kuvukia kwenda kwake bado ni mbao chache.

Ndiyo maana nawageukia wale wanaohusika. Kifaransa ni somo la hiari katika baadhi ya sekondari zetu, na kinafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaotoka huko ni watu wanaojua Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja. Nawaomba waandike sarufi ya Kifaransa kwa Kiswahili, ianzie kwenye ngeli, ipite kwenye "ninamwona" na "mitumbwi niliyoiona", iende kwenye kushuka na kushusha. Si lazima iwe kitabu kinene chenye jalada gumu. Kurasa 40 zinatosha, ziwe nyepesi za kuhamishwa kutoka simu hadi simu bila mtandao, kama vijana wanavyohamishiana nyimbo mwaloni. Alliance Française ina vituo Dar es Salaam na Arusha, lakini kutoka Rukuba mpaka Arusha kuna maji, kuna Serengeti, na kuna nauli.

Atakayesema Kiswahili hakiwezi kueleza sarufi ya Wazungu, namkumbusha mtu mmoja wa jirani na kijana wetu. Butiama si mbali na Musoma. Mtoto aliyezaliwa pale, akakua na Kizanaki, mwaka 1963 alikuwa Rais wa nchi na bado alipata nafasi ya kuitoa kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mwaka 1969 akaongeza Mabepari wa Venisi. Kama Kiswahili kilibeba hayo, kitashindwa kubeba "le" na "la"?

Nimebakiwa na dakika mbili, na swali la mwisho la barua ni la hesabu. Kijana anasema simu imemfundisha kuwa 70 ni "soixante-dix", yaani sitini na kumi, na 90 ni "quatre-vingt-dix", yaani ishirini mara nne na kumi. Alipata taabu mpaka akazimeza. Kisha mnunuzi kutoka Bukavu akataja "septante" na "nonante", naye akadhani ni lugha nyingine. Si lugha nyingine. Wabelgiji huhesabu hivyo, nao ndio waliotawala Kongo hadi mwaka 1960 na Rwanda na Burundi hadi mwaka 1962, kwa hiyo nchi hizo zilirithi hesabu yao. "Septante" ni 70, "nonante" ni 90, na 80 hubaki "quatre-vingts" kama Ufaransa. Zote ni sahihi. Wewe jifunze zile za mnunuzi wako kwanza. Akiandika karatasi, mwombe kwa adabu, "en chiffres, s'il vous plaît", aandike kwa tarakimu, kisha tazama kama mwishoni mwa neno "solde" pana unyoya au hapana.

Kwa herini.